Kigae Kinachotoa Sauti Tupu

Mume wangu ni fundi wa vigae, na ana kiburi cha ufundi wake. Akimaliza kupanga sakafu hugonga kila kigae kwa mpini wa mwiko, kichwa amekiinamisha. Kilichoshika vizuri hutoa sauti nzito. Chenye uwazi chini yake hulia kitupu, na hicho hung'olewa hata mwenye nyumba akinuna.

Tangu aanze kutundikiwa dripu za saratani, nimekuwa mwoga wa kila kitu. Uvimbe unanywea, ndiyo, lakini nesi alituonya mapema kwamba dawa hii inaweza kuharibu masikio. Kila tukienda hospitali humuuliza, "Masikio vipi, baba? Hayapigi kelele?" Naye hujibu, "Salama kabisa, dada," huku macho ameyakodoa kwenye midomo yake. Mimi nilidhani anamtamani, nikawa nanuna njia nzima.

Juzi alimwekea dada yangu vigae jikoni. Alivigonga vyote, akaridhika. Nikapita nyuma yake na kijiko, namwigiza kwa utani. Karibu na mlango kigae kikalia kitupu. Cha pili vile vile. Naye alikuwa amevipitisha vyote viwili.

"Hiki kitupu," nikamwambia. Hakugeuka. Nikamshika bega, nikarudia.

"Nyamaza," akasema, akinitazama midomo. "Wakijua watanibadilishia dawa, na hii ndiyo inayoniponya. Bora niwe kiziwi kuliko marehemu."

Nikinyamaza, namziba masikio kwa mikono yangu mwenyewe. Nikisema, pengine namchimbia kaburi.

Leo asubuhi nesi alipouliza, akajibu tena salama kabisa. Nikaropoka, "Mwongo huyu! Hasikii!"

Mume wangu akanitazama kama mtu niliyemsukuma mtaroni. Daktari akaitwa. Akasema usikivu uliopotea haurudi, ila uliobaki unaweza kuokolewa. Watampima masikio, kisha waangalie kupunguza dawa au kuibadilisha.

"Na hiyo nyingine itamponya?" nikauliza.

"Tutajitahidi, mama."

Jibu hilo limenitia baridi mpaka sasa.

Tumekaa kwenye benchi la korido, tunasubiri kipimo. Mara mume wangu akainama, akagonga kigae cha sakafu kwa kifundo cha kidole, akaniinulia macho.

"Kimejaa?"

Nilitamani kumdanganya. "Kitupu," nikasema.

Akagonga tena, kwa nguvu zaidi ili asikie mwenyewe, na tena, mpaka korido nzima ikatugeukia, naye bado ananiuliza.