Wenyeji Walipoanza Kutoka

Hapa Kiegeani, kisiwani Mafia, wananicheka mpaka leo. Nikipita dukani, hakosi mtu wa kuniuliza, "Bi Zulfa, wenyeji umewahesabu?" na wenzake wakaangua kicheko. Nawaacha wacheke. Hujafa hujaumbika. Siku watakayoketi ndani ya tumbo la mlima, wenyeji wakaanza kutoka mmoja mmoja, ndipo tutakapozungumza.

Mimi ni mpishi wa harusi. Kazi yangu ni sufuria, na sufuria ni hesabu ya vichwa. Nikiingia kwenye shughuli, kabla sijavua viatu nimeshajua wenyeji wangapi, wageni wangapi, na wangapi wamejialika wenyewe. Lakini kuhesabu wenyeji sikufundishwa na sufuria. Nilifundishwa na bibi yangu, Bi Safia, ambaye asili yake ilikuwa Kua, kule kisiwa cha Juani, mji uliobaki magofu.

Bibi alikuwa akitusimulia kwamba zamani watu wa Kua waliwafanyia ubaya mkubwa watu wa Kisimani. Watu wa Kisimani wakanyamaza miaka. Kisha wakawaalika watu wa Kua harusini, na karamu ikaandaliwa katika chumba kilichochimbwa chini ya nyumba. Wageni wakala, wakaimbiwa. Wenyeji nao wakawa wanatoka mmoja mmoja, huyu anafuata maji, yule kaitwa, mpaka akabaki mzee mmoja tu akiwasimulia wageni hadithi nzuri nzuri. Wakati anasimulia, mlango ulikuwa ukizibwa kwa mawe kutoka nje. Hakutoka mtu, wala yule mzee.

"Kwa hiyo ukialikwa," Bibi alimalizia kila mara, "kaa karibu na mlango, na wahesabu wenyeji. Wakianza kutoka, nawe toka." Wengine wamerithi minazi. Sisi tulirithi hilo.

Mwanangu wa pekee anaitwa Warda. Alikuwa na kazi Kilindoni ya kuwapiga picha papa potwe na kuwatambua kwa madoa yao, na kazini huko akakutana na kijana wa Austria aitwaye Severini, aliyekuja kwa shughuli hiyohiyo. Kijana akasilimu, tukampa jina Mbaraka, ndoa ikafungwa hapa Kiegeani, na pilau nilipika mwenyewe, masufuria manane. Nilimpenda, sitasema uongo. Ana adabu, na kisamvu anakula bila kubembelezwa. Kilichonichoma ni kwamba baada ya ndoa Warda angehamia kwao.

Wazazi wake Mbaraka wakataka nao wafanye walima, karamu ya harusi, nyumbani kwao, mwezi wa Juni. Nilikwenda na kaka yangu Marijani. Ndani ya ndege nilimwambia wazi: nakwenda kuwatazama watu hao, na moyo wangu ukiwakataa, narudi na mwanangu.

"Zulfa, mtoto kishaolewa," akasema.

"Nyumba ina mlango wa kuingilia, na huohuo ndio wa kutokea," nikamjibu. Akajifunika kanzu yake ya pili akalala.

Mlima wenyewe ni mweupe, umeinuka mpaka shingo inauma. Tulipandishwa ndani ya kijumba cha kioo kinachoning'inia kwenye waya. Marijani alifumba macho tangu chini hadi juu. Huku tunapanda, Mbaraka akaniambia kwamba mlima wote ule ni jiwe la chokaa, na kwamba zamani za zamani ulikuwa chini ya bahari. Nilidhani anamtania mkwewe. Tuliposhuka nikaweka mkono kwenye mwamba, na chini ya vidole vyangu palikuwa na kombe. Kombe kamili, na mistari yake, limeganda ndani ya jiwe. Pembeni yake kipande cha tumbawe. Nikashtuka nikaondoa mkono. Ni jiwe lile lile la kuta za Kua, ambalo Bibi alinikataza kulikalia nilipokuwa mdogo. Nimesafiri siku mbili kufika huko, na jiwe la kwetu limenitangulia.

Mshtuko wa pili ulikuwa ukumbi. Karibu na kilele pana mgahawa wa mawe, na nyuma yake kimechongwa chumba kikubwa ndani ya mwamba. Hakina dirisha. Kina mlango mmoja tu, wa mbao nene kama za jahazi. Miguu yangu ikagoma kizingitini.

"Warda, karamu ni humu?"

"Nje baridi, Mama. Tazama theluji."

Kweli theluji ilikuwapo, mwezi wa Juni, imelala kwenye mabonde kama chumvi iliyomwagika. Nikaingia kwa bismillahi nikakaa kiti cha kwanza karibu na mlango. Marijani akakaa cha pili. Sikumwambia, wala yeye hakuniuliza. Nikahesabu: wenyeji kumi na mmoja, wageni watatu, yaani mimi, Marijani na Warda.

Nataka niwe mkweli kuhusu chakula. Mama yake Mbaraka alipika samaki wa ziwani, viazi, na keki ya matofaa. Pombe haikuwapo wala nyama tusiyoila. Nilichungulia jikoni, kama ilivyo desturi yangu, nikaona masufuria ni mapya kabisa, moja bado lina karatasi ya dukani imenata chini. Yule mama alinunua vyombo vipya ili sisi tule bila wasiwasi. Moyo wangu ulilegea kidogo hapo.

Tulipokwisha kula, kama saa tisa alasiri, akasimama babu yake Mbaraka, Mzee Aloisi, ndevu nyeupe, uso mwekundu wa furaha. Akaanza kusimulia, na Warda akawa anatutafsiria. Alisema ndani ya mlima huu amelala mfalme wa kale na askari wake wote. Ameketi kwenye meza ya mawe, na ndevu zake zinaendelea kukua zikiizunguka meza. Zikikamilisha mzunguko wa tatu, ataamka. Alisema maadamu kunguru wanaruka juu ya kilele, mfalme yu usingizini. Marijani alitaka kujua nani anampelekea chakula, na watu wote wakacheka.

Katikati ya kicheko hicho rafiki mmoja akamwita Mbaraka nje. Wawili, nikahesabu, bila hata kukusudia.

Mzee akaendelea. Zamani, akasema, watu wa harusi walipita hapa, mlango wa mlima ukafunguka, wakakaribishwa ndani. Wakala, wakanywa, wakasinzia. Walipotoka, miaka mia ilikuwa imepita, na waliowajua wote wamekwisha kufa.

Warda alitafsiri hayo huku anatabasamu. Kisha akainuka. "Mama, naenda kurekebisha ushungi," akasema, akatoka na wifi yake. Mbaraka na rafiki yake hawakuwa wamerudi, wifi naye katoka, wenyeji watatu. Baba mkwe akaitazama simu yake akatoka. Mama mkwe akachukua birika tupu akatoka. Ami mmoja na mkewe wakatoka wameshikana mikono. Nilikuwa nahesabu kwa vidole chini ya kanga.

"Kaka," nikanong'ona, "wamebaki wanne."

"Nimeona," akasema Marijani. Kipande cha keki kilikuwa mkononi mwake na hakukitia mdomoni.

Wakatoka watatu kwa pamoja, mlango ukavutwa nyuma yao. Akabaki mzee mmoja. Na mzee mwenyewe hakunyamaza. Alikuwa anasimulia bado, kwa lugha yake, mkalimani hayupo, anatutazama sisi wawili kwa upendo mtupu. Akaelekeza kidole sakafuni. Akalaza shavu juu ya kiganja, akafumba macho, akaonyesha watu waliolala. Halafu nje ya mlango nikasikia ko, ko, ko. Kitu kizito kinaburutwa, kinawekwa, kinagongwa.

Watu hunieleza kwamba woga unapiga kelele. Mimi wangu ulinyamaza kabisa. Sikuwaza mfalme wala ndevu zake. Niliwaza jambo moja tu, kwamba Warda yuko nje mikononi mwao na mimi niko ndani, na nilikuja safari yote ile nisimwache, na sasa nimemwacha kwa kukaa na kusikiliza hadithi. Marijani alikuwa ameanza Ayatul Kursi, keki bado mkononi.

Nikasimama. Nikamshika mkono Mzee Aloisi, maana yule mzee wa Kisimani nimemhurumia tangu utotoni, na sikutaka huyu naye aachwe humo na watu wake. Bega langu limeinua masufuria miaka thelathini. Nikalitia mlangoni.

Mlango ukafunguka nusu, ukagonga gogo. Gogo zima la mti, limelazwa juu ya miguu ya mbao kukinga mlango, na ami wawili wamesimama, mmoja ameshika nyundo. Walinitazama kama walioona maiti amekaa. Nikainama nikapita chini ya gogo, kwa umri wangu huu na mwili wangu huu, nikatokea kwenye theluji. Marijani akafuata, na nyuma yake Mzee Aloisi, anacheka, anadhani ni mchezo wa kwetu.

"Warda!" niliita, na mlima ukanirudishia jina.

Kwenye theluji palikuwa na nyayo nyingi, na katikati yake nyayo ndogo za viatu vya harusi nilivyomnunulia mwenyewe. Nikazifuata. Ndala moja ilizama, sikurudi kuitafuta. Nyayo zikanipeleka hadi kibanda cha wachunga ng'ombe, na nikausukuma mlango bila hodi, jambo ambalo sijapata kulifanya maishani mwangu.

Walikuwa humo wenyeji saba, na Warda ameketi mbele yao, kikombe mkononi, anacheka mpaka machozi. Nilikuwa na mguu mmoja mtupu, kanga inachuruzika maji.

"Wamekuiba?" nikauliza.

"Wameniiba, Mama," akasema, akaweka kikombe chini haraka. "Ni mila yao. Bibi harusi huibwa karamuni, bwana harusi amtafute. Akimpata wanarudi, wanakuta gogo mlangoni, wanalikata pamoja kwa msumeno wa watu wawili, ndipo wanaingia."

"Na wewe ulijua?"

"Tangu Mafia."

"Hukuniambia."

Na mwanangu huyu, niliyemsimulia habari za Kua kabla hajaota meno, akanijibu kwa upole, bila kufikiri, "Mama, wageni hawaambiwi."

Alisikia mwenyewe alichokisema, akatia mkono mdomoni. Nilikaa kwenye benchi. Hofu ya ndani ya mwamba haikuwa kitu mbele ya neno hilo. Nilirudia hesabu yangu yote pale nilipokaa. Wenyeji walitoka mmoja mmoja kama Bibi alivyosema, na miongoni mwa wa mwanzo kutoka alikuwa mwanangu, na mimi sikumhesabu. Nilikuwa nimemweka upande wangu.

Marijani alisimama mlangoni. Mama yake Mbaraka ndiye aliyeinuka. Hajui Kiswahili hata neno. Alipiga magoti mbele yangu, akaukausha mguu wangu kwa aproni yake, akaufikicha mpaka ukapata moto, kisha akavua soksi zake za sufu akanivika. Mikono yake ilinuka kitunguu, kama yangu inavyonuka kila siku ya Mungu.

Nikamtazama Warda juu ya kichwa cha yule mama. "Nikisema tuondoke sasa hivi, turudi nyumbani, utakuja?"

Macho yake yalijaa. "Nitakuja, Mama," akasema. "Nitakusindikiza mpaka Kiegeani. Halafu nitarudi."

Kusindikiza. Nimesindikizwa na wenyeji wa harusi nyingi, hadi njia panda, na kapu la masalio kichwani. Nalijua neno hilo linamfaa nani.

Mbaraka akatokea akihema, alikuwa kamtafuta mkewe upande mwingine kabisa wa mlima. Aliponiona na soksi za mama yake, uso ukampauka. Wakasemezana kwa lugha yao, na Warda akanieleza kwamba kwa mila, aliyempata bibi harusi ndiye humrudisha, na leo nimempata mimi. Walikuwa tayari kuyaacha yote kama sitaki. Waliningoja.

Nilimshika mwanangu mkono. Tulitembea juu ya nyayo zetu wenyewe mpaka kwenye gogo, nikautoa mkono wake katika wangu nikautia katika wa mumewe. Wakakata gogo, unga wa mbao ukaruka juu ya theluji, na sikulia. Nililia baadaye, Kilindoni, mbele ya maofisa wa uwanja wa ndege.

Nikaingia tena ndani ya mwamba kwa miguu yangu. Nilikipita kiti changu cha karibu na mlango, nikaenda mwisho kabisa wa chumba, nikakaa ubavuni pa Mzee Aloisi. Nyuma yetu mtu akaufunga mlango kwa sababu ya baridi. Marijani alinitazama kwa mbali, kisha naye akahama.

Warda alikuwa anapita na birika, akimjazia kila mtu kikombe chake. Akafika kwangu akainama. "Karibu, Mama," akasema.

"Ahsante, mwenye nyumba," nikamwambia, nikakipokea kikombe kwa mikono miwili.