Ngata ya Mama Eliezeri

Mama Eliezeri alipangishiwa ghorofani, pale Soweto ya mjini Moshi, yeye ambaye mwanawe alimshusha kutoka mlimani kwa sababu ya magoti. Tulizipanda zile ngazi mimi mbele na kikapu cha ndizi, yeye nyuma ameshika ukuta. Kila tukisimama kupumzika anasema, "Eliezeri ameniletea mlima mwingine." Nilicheka. Ilikuwa afadhali kucheka, maana nilikuwa na neno moyoni na sikujua nilifanyeje.

Neno lenyewe ni hili. Juzi yake, tulipokuwa tunafunga vyombo kule Old Moshi, Eliezeri aliniita nyuma ya zizi. Akaniamkia vizuri, akauliza habari za kifua changu, kisha akaniambia kihamba chao, shamba la migomba na kahawa pamoja na nyumba iliyomo, kimeshauzwa. Ulikuwa mwaka elfu mbili na moja, kahawa haina bei tena, na yeye alitaka lori la kupeleka mizigo mpakani Holili. Akaniomba nisimwambie mama yake, presha itampanda, atamwambia mwenyewe Krismasi. Mtoto huyu nilimbeba mimi siku ya ubatizo, mama yake akiwa bado hajapata nguvu. Nikamwambia sawa. Nikarudi ndani nikaendelea kuviringisha vikombe kwa majani makavu ya mgomba, mama yake ananikatia kamba. Jioni ile wakampeleka kulala kwa Eliezeri mjini, na leo mimi nimeshuka kumsaidia kupanga vitu.

Chumba kilikuwa kizuri, nisiseme uongo. Sakafu nyekundu, bomba ndani, choo ndani kinang'aa kama sahani. Winfrida, mkwe wake, alikuwa ametundika mapazia na kuacha jiko la mafuta ya taa na kiberiti juu yake, akaenda kazini. Tukabaki sisi wawili na maboksi mawili na kiroba.

Nikakata kamba ya boksi la kwanza. Akaniambia nitoe sufuria mbili, sahani mbili na vikombe viwili, kimoja chake na kimoja changu nikija kumwona. Vingine nivirudishe. Boksi la pili nisiliguse kabisa. Vitenge vya kanisani, saa ya ukutani ya marehemu mumewe, picha yake yenye kioo, vyote vilale humo humo.

"Nitavunja bure nikipanda navyo tena," akasema. "Desemba si mbali."

Alikuwa ameshapanga. Hii ni Septemba, magoti yachomwe sindano zake, Desemba arudi nyumbani apokee wajukuu.

Nikafuta vikombe. Yale majani makavu nikayakusanya mikononi, nikabaki nimesimama nayo katikati ya chumba. Kwetu unayatupa mgombani, mambo yamekwisha. Pale sikuona pa kuyaweka. Mama Eliezeri akaniambia nichungulie dirishani, huenda Winfrida amenipandia mgomba. Nilichungulia. Kulikuwa na ukuta wa jirani na kamba ya nguo.

Kiroba alikifungua mwenyewe. Akatoa mundu wake, umezungushiwa tambara, na ngata yake ya kubebea mizigo, imekuwa nyeusi kwa jasho la kichwa. Akavitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akarudi hatua mbili, akavitazama.

Tuliolewa mwaka mmoja, mimi na yeye, na vihamba vyetu vinapakana. Kila siku tulikwenda pamoja kukata majani ya ng'ombe. Mzigo ule ukishaufunga huwezi kuuinua peke yako hadi kichwani, lazima mwenzako akutwike. Na yule aliyetangulia kutwikwa anapiga magoti na mzigo wake kichwani, anamwinulia mwenzake kwa mkono mmoja. Miaka arobaini na moja tumetwikana hivyo. Hata siku tulizonuniana tulitwikana, bila kusemeshana.

"Mama Godwin," akaniita, macho bado kwenye mundu. "Mpaka nirudi, nani atakutwika?"

Angeniuliza habari za nyumba yake, au za ng'ombe wake, ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimeshajiandaa. Hilo sikujiandaa nalo.

"Usisubiri Desemba, Mama Eliezeri," nikasema. "Mwanao ameuza. Jana wameanza kuzungusha seng'enge."

Akakaa juu ya lile boksi la pili. Chini kuna mtu alikuwa anafua, tunasikia maji yakimwagwa, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Na kaburi?"

"Limo ndani ya seng'enge."

Akaniangalia.

"Juzi ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Ukanifungia vikombe."

Ningesema Eliezeri aliniomba, na ni kweli. Lakini kweli zaidi ni kwamba niliogopa angegoma pale uani, wakamnyanyua kwa nguvu na kumpakia garini kama mgonjwa, majirani wanatazama. Hayo hakuniuliza, nami sikuyasema.

Akainuka. Akalisukuma boksi kwa mguu mpaka mbele yangu.

"Fungua."

Nikafungua. Nikatoa vitenge, nikatoa saa, nikatoa picha. Lile la kwanza nalo nikalimaliza, vikombe vyote kumi na viwili. Ananionyesha kwa kidole pa kukiweka kila kitu, jina langu halitaji. Marehemu tulimweka dirishani, ametazama ndani. Nikapika ndizi nilizoshuka nazo, akala kidogo kwa sababu nilikuwa namwangalia. Maboksi matupu akayakunja, akanipa nikayatupe nikishuka, pamoja na yale majani.

Nilipoaga, aliutoa mundu msumarini, akauzungushia tambara lake, akautia kwenye kikapu changu. Ngata aliiacha palepale.

Kesho yake nilikwenda kukata majani. Nikakata kwa mundu wake, nikafunga mzigo mkubwa kama siku zote, bila kufikiri. Nikauegemeza mgombani, nikageuka upande wa mpaka wetu na Mama Eliezeri. Nguzo za seng'enge zilikuwa zimefika hadi kwenye mfereji. Nikasimama kidogo. Kisha nikafungua kamba, nikaugawa ule mzigo katikati, nikapeleka mara mbili.