Bibi Asiyepokea Sifuri Saba Sifuri

Bomi aliipenda simu mpya ya duka kwa sababu moja tu: haikumlazimisha kusema. Simu hiyo ilipitia kwenye intaneti. Mteja akipiga wakati kinu kinaunguruma, sauti yake ilirekodiwa, ikageuzwa maandishi, kisha ikatokea kwenye kioo cha simu kilichoegemezwa kwenye mizani: jina, namba, na anachotaka. Bomi alijibu kwa kuandika. Maagizo aliyapanga kwa rangi, ya harusi mekundu, ya matanga ya kijivu, na kila ujumbe mpya ulipolia moyo wake uliruka kama mtu aliyeletewa barua.

Wiki tatu nyuma, aliyekuwa akipokea simu ni Mama Mkubwa Okbun, dada wa mama yake na mwenye duka. Alipiga kelele kwenye simu huku mkono mmoja ukisukuma mchele kinuni, na watu walioagiza mikate ya mchele ya ufuta wakaletewa ya maharage.

"Nimekupa mwezi mmoja," alimwambia Bomi. "Hicho kidude kikikosea agizo moja tu, nakirudisha kilikotoka, na wewe utapokea simu kwa mdomo wako."

Bomi, ambaye hata akiulizwa saa ngapi huiva mashavu, aliona afadhali aambiwe akaimbe sokoni.

Tarehe kumi Oktoba, saa nane mchana, ujumbe ukaingia.

"Mimi bibi yake Danu wa bondeni. Siku ya mia ya mjukuu wangu. Mikate myeupe ya mvuke, vifurushi mia. Tarehe 12, alfajiri."

"Mia!" Bomi alijisemea, akapiga makofi peke yake. Mtoto akifikisha siku mia, mikate myeupe hugawiwa nyumba mia ili aishi miaka mingi, ila siku hizi watu huagiza vifurushi ishirini, wakijitutumua sana thelathini. Lakini Danu alizaliwa kabla ya wakati, mdogo kama kiatu, akalala wiki nyingi kwenye sanduku la kioo hospitalini. Bibi yake hakutaka kupunguza hata nyumba moja.

Mama Mkubwa alifuta mikono, akasoma. "Kumi na mbili. Basi mchele tunauloweka kesho. Leo tupumzishe mgongo."

Kwa furaha tu, Bomi alibonyeza asikie sauti yenyewe. Bibi alikuwa akisema mbio mbio, upepo ukivuma, mbwa akibweka karibu naye. Ilipofika kwenye tarehe, Bomi aliacha kutabasamu.

Katika lugha ya kwao kumi na moja ni sibil, kumi na mbili ni sibi. Ukibandika nyuma neno la siku, il, basi sibil-il na sibi-il hutoka mdomoni kama mapacha waliovaa nguo moja. Ndiyo maana watu waangalifu wakiwa kwenye simu husema hana, moja ile ya kuhesabia vidole, na mbili husema dul. Bibi yake Danu hakuwa mwangalifu.

"Weka tena," alisema Mama Mkubwa. Akasikiliza. "Sibi. Weka tena. Sibil."

"Mama Mkubwa, umesema yote mawili."

"Kwa sababu kidude chako kinasema yote mawili!"

Mchele mpya uliobaki dukani ulitosha mpiko mmoja tu. Kama ni tarehe kumi na moja, ilibidi uwe majini kabla jua halijazama, na jua lilikuwa limeshaanza kushuka upande wa kituo cha treni. Kama ni kumi na mbili, mikate ya kesho ingekuwa tofali kufikia siku yenyewe. Na kulipeleka tofali kwa nyumba mia ni kumtakia mtoto mabaya.

Bomi aliandika haraka: "Bibi, ni tarehe 11 au 12?"

Jibu lilikuja upesi: "Nimeshawaripoti polisi."

Akapiga. Simu ikakatwa. Akapiga tena. Ikakatwa kabla haijamaliza kuita mara moja.

Mama Mkubwa alicheka mpaka akashika kiuno. "Sifuri saba sifuri! Hata mimi sipokei!"

Wateja walipiga namba ile ile ya zamani ya duka, lakini duka likipiga, kwao ilitokea namba mpya, na namba zote za simu za intaneti nchini mwao zilianza hivyo, sifuri saba sifuri. Zilikuwa namba za wauza bima, na za matapeli wanaowaambia wazee kwamba mtoto wao amekamatwa, watume pesa haraka. Mwenye akili huzikata.

"Naenda kwa kinyozi kuazima simu ya kibinadamu," alisema Mama Mkubwa, maana yeye hakuwa na simu ya mkononi, aliiita kamba ya mbwa, na ya Bomi laini yake ilikuwa imefungwa kwa kutotumika. Akavaa koti, akatoka.

Bomi alibonyeza mara ya saba. Alikwishazoea kukatwa kiasi kwamba ilipopokelewa nusura aangushe kile kioo.

"Sikiliza wewe mwizi! Mwanangu hajakamatwa, benki sina, na bima ninayo!"

"Shi... shikamoo, bibi."

"Shikamoo yako wapelekee wezi wenzako!"

"Mimi ni wa duka la mikate. Kwa Okbun."

Bibi alicheka kicheko kikavu. "Hata uongo hujajifunza vizuri. Kwa Okbun kuna msichana mmoja tu, na yule ni bubu. Miaka minne nanunua kwake, ananinyooshea vidole tu."

Bomi alimsikia akivuta pumzi kama anayetaka kukata simu.

"Mimi ndiye bubu!" alipiga kelele. "Bibi usikate, mimi ndiye huyo bubu! Kila siku ya soko unachagua mikate ya pembeni kwa sababu ni minene! Unaonja maharage matamu mara tatu, konzi ya nne unatia mfukoni ukidhani sikuoni!"

Upande wa pili mbwa akabweka.

"Unaniona?"

"Nakuona, bibi. Miaka minne."

"Haya! Bubu amefunguka, na ameanza na dhambi zangu."

"Danu anatimiza lini? Sibil au sibi?"

"Sibil."

"Sibi?"

"Sibil, we mtoto!"

"Sema ya vidole, bibi!"

"Hana! Kumi na hana! Ni kesho! Nimepita nyumba hadi nyumba kwa miguu yangu kuwaambia!"

Mama Mkubwa aliporudi na simu ya kinyozi, kinyozi mwenyewe nyuma yake akiwa na wembe mkononi, alimkuta Bomi amekunja mikono ya nguo, anamimina mchele kwenye karai kubwa, maji yanaruka hadi mlangoni.

"Ni kesho! Sibil! Lete karai la pili!"

"Tumekusikia hadi kule," alisema kinyozi. "Mteja wangu ameruka kwenye kiti. Nusu ya sharubu imeondoka."

Mama Mkubwa hakuchukua karai. "Kidude kimekosea agizo."

"Kimekosea," alisema Bomi, akihema. "Na simu nimeipiga kwa mdomo wangu. Adhabu si ndiyo hiyo? Nimeshaitumikia."

Mama Mkubwa alimtazama kinyozi, kinyozi akatazama wembe wake.

"Basi kibaki," alisema Mama Mkubwa. "Lakini kiwaambie watu waseme hana au dul. Urekodi kwa sauti yako hiyo hiyo."

Alfajiri bibi yake Danu hakungoja kupelekewa. Alikuja mwenyewe na gari dogo la mpwa wake, akahesabu vifurushi mia vya moto vikitoa mvuke, kisha akakichomoa kimoja na kumwekea Bomi mikononi.

"Nyumba ya kwanza," alisema. "Sema kitu, nisikie."

Mashavu ya Bomi yaliiva. Anayepokea mkate wa siku ya mia harudishi mikono mitupu. Alifungua droo, akatoa kibonge cha uzi mweupe, akampa bibi kwa mikono miwili.

"Danu aishi miaka mirefu kama uzi huu," alisema, na safari hii hakupiga kelele.