Chini ya Pikapu na Mama Mkwe

Tangu aoe, fundi mageti hakuwahi kuzungumza na mama mkwe wake zaidi ya salamu na habari za mvua. Hawakuwa na ugomvi. Ni heshima tu, iliyokaa katikati yao kama meza ndefu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hawajambo huko?"

"Hawajambo."

Basi, baada ya hapo kila mmoja alitafuta pa kuangalia.

Kwa hiyo mama alipompigia simu mwenyewe, fundi alisimama wima kama anaitwa na mwalimu mkuu.

"Baba, nimepata trela, lakini pikapu yangu haina pa kuifungia. Mkeo ananiambia chuma kinakusikia."

Mama huyo alikuwa na kitalu cha miche nyuma ya nyumba, na watu walimwita Mama Miche. Alipeleka miche yake kwa wateja kwa pikapu kuukuu, ikiwa imebanana hata ile ya nyuma ikafika imevunjika shingo. Trela ingemwondolea adha hiyo.

Jumamosi asubuhi fundi alifika na sanduku la vifaa pamoja na chuma cha kuvutia trela, kizito kama dhambi. Alitandika turubai, akaiinua pikapu kwa jeki, akaiegemeza kwenye vyuma vya kuishikilia, kisha akajitumbukiza chini. Mama alivuta kiti akakaa mbali kidogo, umbali unaompasa mkwe.

"Kuna nini huko?" aliuliza.

"Kuna kazi, mama."

"Kubwa?"

"Ndogo siyo."

Chuma kipya kilitakiwa kukaa kwenye matundu yaleyale ya ndoano ya zamani ya kuvutia gari, isiyofaa trela. Ndoano ile ilishikwa na bolti nne, na kutu ilikuwa imezila mpaka hujui kichwa cha bolti kinaishia wapi na tope linaanzia wapi. Fundi alizisugua kwa brashi ya waya, akazinyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, akatoka nje kunywa chai.

"Mbona umeacha?" mama akashangaa.

"Kutu haitaki ubabe, mama. Ukiilazimisha, bolti inakatikia ndani. Tuyape mafuta nafasi yapenye."

Aliporudi, bolti ya kwanza ililia kama mlango wa ghala, ikatoka. Ya pili alikwenda nayo mbele kidogo, nyuma kidogo, kama anayembembeleza mtoto ale, nayo ikakubali. Ya tatu aliongezea spana kipande cha bomba ili apate nguvu. Ya nne ikazunguka yenyewe, laini kabisa.

"Alhamdulillahi!" akasema.

Ikazunguka tena. Na tena. Haikutoka hata kidogo. Akajua kilichotokea. Ndani ya chasisi kulikuwa na nati iliyochomelewa, na kutu ilikuwa imeing'oa pale ilipokaa. Sasa nati na bolti zilizunguka pamoja kama watoto wachezao mduara.

Angeweza kuikata, lakini tangi la mafuta lilikuwa hapo hapo pembeni, naye hakutaka kurusha cheche karibu na petroli. Akajaribu kupitisha mkono kwenye mdomo wa chasisi, nyuma, aishike nati kwa spana. Mkono ukakwama kwenye vifundo vya vidole. Alipouchomoa ulikuwa umechubuka.

Mama alikuwa ameshainama anachungulia. "Mkono wako umeshiba sana. Wacha nijaribu mimi."

"Mama! Utalalaje hapa chini?"

"Kwa mgongo, kama ulivyolala wewe. Sogea."

Kabla hajamaliza kusogea, mama alikuwa ameshakaza kitambaa chake kichwani na kujiviringisha chini ya gari. Wakalala bega kwa bega, wote macho juu, wakiitazama chasisi kwa adabu kubwa. Mkono mwembamba wa mama, uliozoea kung'oa miche bila kukata mizizi, uliingia kwenye chuma kama unaingia mfukoni.

"Naigusa. Inateleza kama samaki. Nipe spana… Hii ndogo. Nyingine."

Fundi akampa nyingine.

"Imekaa. Zungusha. Na wakati unazungusha, nikuulize."

"Niulize, mama."

"Nasikia mna jina mnaloniita mkiwa kwenu."

Fundi aliikaza spana yake. "Nati umeishika vizuri, mama?"

"Nimeishika. Jina."

"Waziri," akasema kwa sauti ya kuomba msamaha.

"Waziri wa nini?"

"Hatukufika huko."

Mama alicheka mpaka spana ikachomoka, ikaanguka ndani ya chasisi ikipiga kelele. "Nami nakuita Sanamu! Unavyokaa sebuleni kwangu, nahofia njiwa watakutulia kichwani."

Hapo fundi naye akashindwa kujizuia. Akacheka mdomo wazi, vumbi la kutu likamdondokea ulimini. Ikabidi waitafute spana kwa kupapasa, waanze upya, na kila walipokaribia mmoja alikumbuka njiwa.

Mke wa fundi, aliyekuwa muuguzi, alipopitia kwa mama yake akitoka kazini aliona jozi mbili za miguu zikitikisika chini ya gari. Akaangusha mkoba. "Mama! Nani kaumia?"

"Hakuna aliyeumia," mama akajibu. "Tuletee maji, tuna kutu mdomoni."

Bolti ya nne ikatoka muda huohuo.

Iliyobaki ilikuwa kazi nyepesi. Fundi aligongagonga chasisi kwa nyundo akasikia ni nzima, kutu ilikuwa ya juu tu. Akasafisha matundu, akapaka bolti mpya grisi, na kwenye tundu la nne mama akashika nati mpya kwa ndani huku akitoa amri. Walipomaliza, fundi alipanda juu ya chuma akarukaruka. Hakikutikisika.

Wakafunga trela, mama akashika usukani kujaribu kurudi nyuma. Trela ikaenda upande wake.

"Kata kulia, mama, ili iende kushoto."

"Huo si uongo huo?"

"Ndivyo trela zilivyo."

Alijaribu mpaka karibu ang'oe uzio, kisha akazima gari. "Mimi nitakuwa naenda mbele tu. Nikipitiliza njia, nauzunguka mtaa mzima."

Wakapakia miche, safari hii ikiwa imesimama kwa nafasi. Mama akamwashiria mkwewe apande mbele. Walizunguka mtaa mara mbili kabla ya kupata kona ya kutokea, wakiongea njia nzima.