Mabawa Ndani ya Zizi

Kang'ethe alikuwa amepima mara nne tangu asubuhi, na mara zote nne bawa la kushoto la ndege yake lilikuwa juu kuliko la kulia kwa sentimita kumi. Ndege hiyo alikuwa ameijenga kwa mikono yake miaka mitatu, hapa kijijini Bahati, ndani ya zizi la dada yake Nyakio. Sasa ilibaki kutoboa matundu ya kufungia mabawa. Tundu moja likikaa vibaya, bawa limeharibika, na mbao za kutengeneza lingine hana.

Kilichomuudhi ni kwamba jana aliyapanga mabawa yote sawa kwa pima maji yake, kile kifaa cha kuonyesha usawa, na leo tepu inakataa.

"Boss, hiyo pima maji ni ya kitambo," alisema Quincy, fundi wa madirisha kutoka mtaa wa Free Area aliyekuja kumsaidia. "Tepu haidanganyi."

Kang'ethe alichoka kubishana. Akaitupa pima maji kwenye rundo la mbolea pale mlangoni. Wakaweka vipande vya mbao chini ya bawa la kulia, wakapima kutoka sakafuni, wakaongeza vingine, mpaka pande mbili zikalingana. Aliporudi nyuma kuangalia, aliona ndege imeinama. Akasema ni macho tu, uzee huo, akashika drili.

Nyakio akaingia na ndoo. Ng'ombe wake sita walikuwa wamenyeshewa miaka mitatu kwa ajili ya hii ndege, na leo ndiyo siku waliyokubaliana warudi ndani.

"Toa miguu nioshe sakafu."

"Hebu ngoja, Nyakio. Natoboa."

"Umekuwa ukitoboa tangu mwaka juzi." Akamwaga maji.

Maji yakaanzia chini ya bawa la kulia, yakapita chini ya tumbo la ndege, yakaishia yote kwenye mtaro chini ya bawa la kushoto. Quincy akaitazama tepu yake, akaikunja.

"Kumbe sakafu inateremka," akasema.

"Si ni yeye aliijenga," Nyakio akajibu. "Alinisumbua wiki nzima, eti mkojo wa ng'ombe lazima uteremke wenyewe. Kila hatua anapima na hiyo hiyo kitu ametupa kwa mbolea."

Kang'ethe aliona haya mpaka masikio yakawaka. Asubuhi nzima alikuwa akipindisha kilichokuwa sawa. Akaweka drili chini, akaenda mlangoni, akaingiza mkono kwenye mbolea.