Tulivyolitafutia Gari Baridi

Mwaka huo baridi ya Itumba iliwahi, na la kwanza kuihisi lilikuwa gari la jirani yangu Nathanaeli. Ni pikapu kuukuu ya dizeli aliyoinunua alipostaafu ubwana shamba. Ilipofika Juni, kila asubuhi stata ilizunguka weee, moshi mweupe ukatoka nyuma, injini isishike. Kisha ningesikia sauti kwenye uzio wangu.

"Edson, mwanangu, njoo tulisukume."

Tulisukuma wiki mbili. Majirani wengine walianza kwenda kazini kwa njia ya mtoni ili wasionekane. Nathanaeli akajaribu kufunika boneti kwa blanketi la kitandani, kisha kulimwagia maji ya moto, kisha kuliwekea jiko la mkaa chini ya tumbo. Halafu siku moja, bila kumwambia mtu, alichukua nyundo, akabomoa ukuta wa sebule upande wa barabarani, akaliingiza gari ndani.

Mkewe, mama Loisi, alirudi kutoka sokoni akalikuta limesimama kati ya kabati la vyombo na makochi.

"Baba Loisi, hii ni nini?"

"Linasikia baridi."

"Hata ng'ombe wa baba yako walilala nje."

"Ng'ombe ana ngozi. Hili ni bati tupu."

Mama Loisi alitandika kitambaa cha kufuma juu ya boneti, akaweka chupa ya chai hapo, maana meza ilikuwa imehamishiwa jikoni. Lile tundu wakalifunika kwa turubai.

Alhamisi jumuiya iliposali kwao, viti havikutosha. Mzee wa kanisa, Shadrack, akaketi kiti cha dereva, na kinamama wanne wakapanda nyuma. Tulipoambiwa tusimame kwa sala, mzee Shadrack alijiinua akaegemea usukani, na honi ikalia mpaka "Amina". Hakuna aliyecheka. Gari likaombewa pamoja na wagonjwa.

Mama Loisi ndiye aliyepiga simu Tunduma kumwita Atupele, binti wa mdogo wake, anayetengeneza malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Alifika na mfuko wa spana, akasalimia, akalitazama gari, kisha akatazama ukuta.

"Washa, baba mkubwa."

Likawaka papo hapo. Sebule ikajaa moshi, tukakimbilia nje sote.

"Mbona ni zima?" Atupele aliuliza huku akikohoa.

"Linajifanya," Nathanaeli alisema kwa uchungu. "Limeona mgeni."

"Baba mkubwa, limelala pazuri kuliko mimi. Siwezi kupima ugonjwa usiojitokeza. Lilale nje, lipoe kabisa."

Likalala nje. Lakini mawingu yakatanda, joto likapanda, na asubuhi gari likawaka. Kesho yake vilevile. Nathanaeli alipoteza hamu ya kula. Alikwenda kwa mzee Shadrack kuomba jumuiya iombee baridi.

"Watu wana nyanya shambani, ndugu yangu," mzee Shadrack alimjibu. "Nikiomba baridi kwa ajili ya gari, Jumapili nitamtazama nani usoni?"

Ndipo Atupele akasema, "Basi tulifuate baridi huko iliko."

Siku ya tatu tukapanda milima ya Undali, kwa Yonathani, aliyefanya kazi na Nathanaeli zamani. Mimi nilichukuliwa kwa ajili ya kusukuma. Yonathani alitusikiliza mpaka mwisho.

"Mmetoka Itumba kuja kutafuta baridi?"

"Ndiyo."

"Ya kukaa nayo?"

"Ya asubuhi moja tu," Nathanaeli alimhakikishia.

Yonathani akafikiri. Baridi ya uani kwake, alisema, ni ya kawaida tu. Hawezi kumpa mgeni kitu cha kawaida. Akaita majirani. Wakabishana mpaka jua likazama. Wengine walitetea nyuma ya shule, wengine kilimani kwenye mnara wa simu. Mama mmoja aliapa kwamba bondeni kwake maji huganda ndani ya ndoo, na kwamba mkwe wake aliwahi kukimbia kwa sababu hiyo. Akashinda. Gari likapelekwa kulala bondeni kwake, na sisi tukalala kwa Yonathani.

Kulipopambazuka nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu, umande ulioganda. Watu kama thelathini walikuwa wameshafika, wamejitanda mablanketi. Nathanaeli akazungusha ufunguo. Stata ikazunguka, moshi mweupe ukatoka, kimya. Akarudia. Kimya.

"Limekataa!" alipiga kelele, akaruka chini akamkumbatia Yonathani. "Si niliwaambia? Linaumwa!"

Watu wakapiga makofi. Yule mama wa bondeni akapewa mikono ya pongezi.

Atupele alikuwa ameshafungua boneti. "Stata ina nguvu, kwa hiyo betri ni nzima," alisema. "Moshi mweupe maana yake dizeli inafika, ila haiungui. Humo ndani hakuna joto." Akatuonyesha vijiti vinne vilivyopangwa ubavuni mwa injini, kazi yake kuipasha kabla haijawaka. Akafungua kibati kinachoviunganisha, akatoa kitaa chenye nyaya mbili. Waya mmoja akaushikiza kwenye betri, wa pili akagusisha kijiti kimoja kimoja. Kitaa hakikuwaka. Hakikuwaka. Hakikuwaka. Kwenye kijiti cha nne kikawaka.

"Vitatu vimekufa."

Alikuwa na vipya mfukoni. Alivifunga vyote vinne, vidole vimekufa ganzi, mama wa bondeni akimshikia spana.

"Fungua ufunguo, baba mkubwa, ila usikimbilie stata. Subiri kile kitaa cha njano cha dashibodi kizime." Tukasubiri, thelathini na zaidi. "Mukwai, sasa!" alisema, kama anavyowaita kwa heshima madereva wa Zambia.

Injini ikashika mara moja. Mama wa bondeni hakufurahi. Alisema jua lilikuwa limeshaanza kulipasha.

Nathanaeli alivitazama vijiti vilivyokufa kiganjani. Kila kimoja hakikuzidi urefu wa kidole.

"Ni hivi tu?"

"Ni hivi."

"Nimebomoa ukuta."

"Ndiyo, baba mkubwa," Atupele alisema kwa upole.

Tuliporudi Itumba ukuta ulikuwa umeshajengwa, plasta bado mbichi. Mama Loisi alikuwa amekaa kwenye kochi, miguu ameinyoosha katikati ya sebule.

"Mlango wa kuingilia ni ule," alimwambia mumewe.

Asubuhi iliyofuata mawingu yalikuwa yametoweka na baridi ikauma kwelikweli. Nililisikia gari likiwaka mara moja, kisha likaunguruma muda mrefu bila kuondoka. Nikaenda kuangalia. Nathanaeli alikuwa nyuma ya usukani, amevaa koti na kofia.

"Edson, limewaka."

"Nimesikia, mzee."

"Sasa niende wapi?"

Wiki zote zile tulisukuma, na hata mimi sikuwahi kumuuliza anakwenda wapi. Tukabaki tunatazama barabara. Mama Loisi akatoka na debe la mahindi kichwani, akalitupia nyuma, akapanda mbele, akafunga mlango kwa nguvu.

"Mashineni," alisema.

Wakaenda.