Unga Usio na Harufu

Muhogo uliolowekwa unanuka. Wewe mama unayesoma hapa unaijua ile harufu: unapita barabarani tu, unajua nyumba hii leo wametoa mihogo kwenye maji. Watu wengine wanaziba pua. Mimi sasa nikiisikia ninashukuru Mungu. Nikiikosa, ninaogopa.

Unga wa mama mkwe wangu uliacha kunuka kiangazi hiki.

Yeye ni Mama Micheline, mama wa bwana yangu Mechack, na watoto wanamwita Kambo, yaani bibi. Anakaa nyuma ya mtaa wa Dilala, pale nyumba zinapoishia na mashamba yanaanza. Tangu niolewe yeye ndiye anatuletea unga wa muhogo, tunachanganya na wa mahindi, tunapika bukari, ugali wetu. Kila siku ya Mungu, misa ikiisha, anakuja kula kwetu, na mikono yote inaingia kwenye sahani moja. Kwa ukoo wao hiyo ndiyo kusema tunapatana. Mtu akikataa bukari ya mwenzake, amemwita mlozi, mchawi, hata kama hajafungua kinywa.

Basi siku hiyo unga ulikuja mweupe kama chaki, laini, hauna harufu yoyote. Mechack alimeza tonge akacheka.

"Mama, hii ni bukari ya ba patron! Kesho nitakula na cravate."

"Kula, mwana yangu," Kambo alisema. "Zamani nilikuwa nangojea mihogo mpaka nazeeka. Sasa naitia leo, kesho imeshalegea."

Shekina wetu, aliyeanza shule mwaka huu, alitoa tonge mdomoni akaliweka kando.

"Mama, inaniuma ku lulimi."

"Ni pilipili ya sombe," Kambo alimjibu, akionyesha majani ya muhogo pembeni ya bukari.

"Sombe sijagusa."

"Ee! Huyu ni mutoto wa biskwi. Mama yake njo anamuharibu."

Wote walicheka, na mtoto akala. Baadaye pembe za mdomo wake zilipasuka, tumbo likaanza kumkata kila akila kwetu, na shuleni, akila mkate wake, hasikii kitu. Nilimpeleka kwa infirmière, muuguzi wetu. Yule mama alimtazama ulimi muda mrefu, kisha akanigeukia mimi. "Munakula nini pale nyumbani? Na munapikia maji ya wapi?" Maji yetu ni ya bomba. Nikafikiria unga.

Nilipanda moto, pikipiki ya abiria, nikaenda kwa Kambo, eti kumsaidia kumenya. Alifurahi. Akanipeleka mwenyewe mahali pake papya pa kuloweka, maana kijito chake cha zamani kilikuwa kimekauka. Ni kidimbwi chini ya mfereji unaoshuka toka kule mgodini, wanakoosha mawe ya mine. Maji yalikuwa mazuri kuyaona, unaona mpaka chini, na rangi kidogo kama ya chupa ya kijani. Nilitia mkono, yalikuwa vuguvugu. Nikasikiliza. Hakuna chura. Kwenye ukingo hakuna jani hata moja, udongo mtupu.

Kambo aliinua beseni lake la bati la kutolea mihogo, na jua likapita katikati. Lilikuwa na vitobo vidogo vidogo.

"Kambo, beseni imefanya nini?"

"Ni beseni ya siku hizi. Haina nguvu."

"Na mikono yako?"

Ngozi ya vidole vyake ilikuwa inatoka kama ganda la kitunguu. Aliificha ndani ya kitenge. "Hiyo ni buzee. Menya, jua linapanda."

Nilimwambia Mechack yote. "Maji inatoboa beseni, na sisi tunaitia mu tumbo."

"Utamwambia mama yangu nini? Kwamba anatuua?"

"Nitamwambia ni maji."

"Utasema maji, yeye atasikia bulozi." Akavaa kofia yake ya moto akatoka kutafuta abiria. Hakupenda niendelee.

Siku ya Mungu ikafika. Bukari ikawekwa katikati, nyeupe, moshi unapanda, na makayabu, samaki wa chumvi, pembeni. Tuliomba. Shekina akanyoosha mkono, na mimi nikaushika. Niliushika tu, mbele ya wote.

"Mwachilie mutoto ale," Kambo alisema.

"Hatakula, mama. Si wewe, ni ile maji. Infirmière ameniuliza..."

"Infirmière njo amesema mi ni mulozi?"

"Hapana muntu amesema vile!"

"Mkono wako umesema." Alisimama, akakusanya unga wote uliobaki ndani ya kapu lake. "Nilimulea Mechack na bukari, akakomaa. Sasa mi ni sumu. Muzuri. Kama iko na sumu, iniue mi wa kwanza, na batu bote batanitazama."

Mechack alimfuata mpaka nje. Aliporudi hakunitazama.

Na Kambo alitimiza neno lake. Kila adhuhuri alitandika mkeka mbele ya mlango wake, pale njia inapopita, akapika unga ule ule na kula huku watu wanamwona. Safi, muuza unga wa soko letu, akipita alikuwa anamtania.

"Mama Micheline, leo tena? Mulozi gani anajilisha mwenyewe?"

"Kuya tukule, dada yangu! Ama unaogopa?"

Watu walicheka, na Kambo akakata tonge kubwa zaidi. Lakini mimi nilimwona akimeza. Alikuwa anafunga macho.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo habari hii ilitoka nyumbani kwetu ikaja kwenu. Waliomwona anakula walisema, basi unga huu ni mzuri, mweupe, na haunuki kama wa wengine. Wakautaka. Wanawake wa mtaa wakaanza kuloweka palepale, kwa sababu mihogo inalegea haraka. Safi akachukua mifuko akaipanga mbele ya meza yake. "Imejaribiwa na mwenyewe!" alikuwa anaita, na mingine ikapanda camion ya kwenda Nzilo. Nilizunguka soko nikiwaambia wamama. Mmoja alinikata: "Tulishasikia. Wewe njo yule wa kugombana na mama mukwe."

Nilimpelekea Kambo unga uliotoka mbali, Lubudi, unaonuka kama unga. Aliurudisha kwa mguu.

"Nikila yako leo, kesho batasema: muone, ameacha yake, alijua."

Alikuwa anaongea bila kufungua midomo sana. Kitenge kilikuwa kinamzunguka mara mbili.

Juzi nilienda shuleni kumchukua Shekina, nikaambiwa ameshatoka. Nilikimbia, nilijua wapi. Njia ya kwa Kambo ilikuwa imejaa wanawake, wamesimama na mabeseni yao kichwani, wanatazama. Kambo alikuwa kwenye mkeka, bukari nzima mbele yake, na tonge mkononi. Hakuweza kulifikisha mdomoni. Pembeni yake mtoto wangu alikuwa ameketi na uniforme yake ya shule, mashavu yamejaa.

Nilimtia kidole mdomoni. Alikuwa ameshameza.

"Juu ya nini, Shekina? Juu ya nini?"

"Batu balikuwa banamucheka Kambo," alisema. "Mi nikamusaidia."

Kambo alitazama sahani. Pale mtoto alipokula palikuwa na shimo kubwa. Akaweka tonge lake chini, polepole, akanisukumia Shekina kwa ile mikono yake isiyo na ngozi.

"Muchukue," alisema. "Mupeleke mbio."

Mwanamke mmoja nyuma yangu akamwambia mwenzake: "Umeona? Hata mutoto anakula." Na wakaondoka kwenda sokoni.

Tangu juzi Mechack hajaendesha moto. Ameketi kwa infirmière, mama yake chumba kimoja, binti yake chumba kingine, na sahani waliyoletewa na watu wa ukoo haijaguswa na mtu. Shekina anakunywa maji kwa kijiko. Ameniuliza kama ulimi utapona kabla ya mtihani. Nimemwambia ndiyo.

Mfereji bado unashuka. Mifuko bado iko mbele ya meza ya Safi, myeupe sana. Wewe mama, kabla hujatia unga kwenye sufuria, chukua kidogo kiganjani. Nusa.